Mama Wimbi na Maji Yaliyoamriwa Kutulia

Barua alipewa getini. Uongozi haukuwa na adabu hata ya kumwita ofisini na kumpa kiti. Ulimtuma mlinzi, mtu ambaye kwa miaka tisa alimwamkia kila asubuhi kama anavyomwamkia mama yake mdogo, amzuie mbele ya foleni ya wanafunzi waliokuja kutazama samaki.

"Mama, samahani. Nimeambiwa usipite."

"Umeambiwa na nani?"

Mlinzi aliangalia viatu vyake. "Na karatasi hii."

Karatasi ilikuwa na mhuri, nembo ya pweza na makosa mawili. La kwanza, kwamba siku ya uzinduzi wa ukumbi mpya alivunja mlango wa chumba cha pampu, mali ya taasisi. La pili, kwamba kwa uzembe aliziacha pampu za tangi kubwa zikiwa zimezimwa, na hivyo kuua matumbawe yaliyotunzwa kwa miaka mingi. Akiyakiri yote mawili kwa saini ndani ya siku kumi na nne, uongozi, "kwa kuzingatia utu", ungemrudisha kazini kusimamia vyoo vya wageni. Asipokiri, angefukuzwa, na kwenye cheti chake cha utumishi lingeandikwa neno moja ambalo fundi hapati kazi nalo popote: uzembe.

Kosa la kwanza lilikuwa kweli tupu. La pili lilikuwa uongo uliofungwa tai.

Kazini hakuna aliyemwita kwa jina lake. Aliitwa Mama Wimbi, na jina hilo alilitolea jasho. Aliajiriwa kama fundi bomba wa jengo, mtu wa masinki, vyoo na mifereji, mwaka uleule tangi kubwa lilipojengwa: mita kumi na mbili za kioo, kina cha mtu kumbeba mtu begani, na ndani yake mwamba wa matumbawe hai. Wataalamu wa kukodi walifunga pampu mbili za nguvu, wakapiga picha, wakaondoka. Miezi minne baadaye matumbawe yaliyokuwa mbele ya pampu yalichubuka nyama hadi mfupa mweupe, na yale ya nyuma ya mwamba yakafunikwa na tope. Uongozi uliandika kwamba matumbawe yenyewe yalikuwa duni. Kila tapeli ana wa kumsingizia. Hawa walimsingizia kiumbe asiye na mdomo wa kujitetea.

Siku hiyo Mama Wimbi alikuwa amekuja kuzibua sinki la chumba cha chakula cha samaki. Alisimama mbele ya kioo, spana mkononi, akamuuliza mlishaji, bwana mrefu mpole ambaye wote walimwita Kijiko kwa sababu ya kile kijiko chake chenye mpini wa mita mbili.

"Kaka Kijiko, haya maji yanakwenda wapi?"

"Yanazunguka, dada."

"Yanazunguka kama ngamia wa kinu. Yanakwenda tu, hayarudi."

"Sasa yarudi kufanya nini? Yamesahau kitu?"

Alicheka, lakini alikuwa ameona jambo ambalo wenye vyeti hawakuliona. Tumbawe si jiwe. Ni ukoo mzima wa wanyama wadogo waliojengeana nyumba ukuta kwa ukuta, na hakuna hata mmoja awezaye kuhama. Chakula hakifuati, huletewa. Uchafu wake haukimbii, huondolewa. Maji ndiyo miguu yake, ndiyo mikono yake, ndiyo mfagio wake. Maji yanayosukuma upande mmoja tu humchuna aliye mbele na kumsahau aliye nyuma. Yanayokwenda na kurudi humfikia kila mmoja mlangoni kwake.

Jioni ile alimwomba mumewe, fundi cherehani mwenye ulimi mwepesi kuliko sindano yake, vipande arobaini vya uzi mwekundu.

"Unashona nini, mama watoto?"

"Nashona maji."

"Basi nipe vipimo vyake. Kiuno kisije kikabana."

Alizifunga nyuzi zile kwenye vijiti vyembamba vya plastiki, akavisimika kati ya matumbawe, akakaa kutazama. Karibu zote zililala upande mmoja kama nyasi zilizokanyagwa. Nyuma ya mwamba zilining'inia tu, hazina habari na dunia. Hakuhitaji kompyuta. Uzi ulisema, na uzi haujipendekezi kwa mtu.

Dawa aliitengeneza kwa mikono yake. Alichukua tangi la plastiki la lita elfu mbili, lile la kuvunia maji ya mvua, akalipandisha juu ya fremu ya chuma upande wa kushoto. Pampu ndogo ililijaza polepole. Ndani yake alisimamisha bomba pana lililopindwa kama shingo ya bata: maji yalipofikia kilele cha shingo yalijivuta yenyewe, na tangi zima likamwagika kwa pumzi moja hadi hewa ilipoingia na kulikata. Kisha likaanza kujaa upya. Halikuhitaji saa wala mtambo wa kuagizwa kwa meli. Mara ya kwanza wimbi liliruka ukingo wa kioo na kulowesha zulia lote la ukumbi, na Mkurugenzi akatishia kumkata kichwa. Hakukata tamaa. Alipunguza kipenyo cha bomba, akaongeza tangi la pili upande wa kulia.

Hapo ndipo ufundi ulipokuwa. Matangi mawili yakimwaga ovyo, wimbi moja huliua jingine. Jambo hili alilielewa akiwa amekaa pembeni ya uwanja wa kuchezea, akimtazama binti wa dada yake kwenye bembea. Ukiisukuma bembea inapokujia, unaivunja. Ukiisukuma inapoanza kuondoka, inapanda hadi mtoto anapiga kelele. Miezi mitatu alikaa na koki mbili, akifungua robo, akifunga nusu ya robo, macho kwenye sekunde za saa ya ukutani, hadi tangi la kulia likawa linamwaga pale hasa maji yanapoanza kugeuka kuondoka upande wake. Siku hiyo nyuzi zote arobaini zilicheza, huku na huko, mbele na nyuma ya mwamba, kama waumini waliopata mwimbishaji. Ndani ya mwaka mmoja matumbawe yaliyohesabiwa maiti yalitoa vidole vipya.

Na koki zile hazikuwa kitu cha kufunga na kusahau. Chumvi huzikaza, mwani huziziba. Kila wiki zilitaka mkono unaozijua, na mkono huo ulikuwa mmoja.

Mkurugenzi naye alikuwa nani? Alikuwa mtu aliyesomea kuendesha mikutano. Kwa miaka tisa hakuwahi kuloweka hata kidole katika tangi lile. Kwake lilikuwa ukuta wa buluu wa kusimama mbele yake apigwe picha. Katika hotuba alisema "mfumo wetu wa mawimbi, zao la maono ya uongozi", na makofi yakapigwa. Kijiko alipokasirika, Mama Wimbi alimtuliza: "Mwache, kaka. Mdomo wake haufiki kwenye bomba." Alikosea. Mdomo wa mtu mwenye cheo hufika popote, hata mahali ambapo akili yake haijawahi kupita.

Wiki ya uzinduzi Mkurugenzi alimwita Mama Wimbi.

"Mama, Jumamosi tuna mgeni rasmi. Sitaki avutiwe choo katikati ya hotuba."

"Si choo, Mkurugenzi. Ni wimbi."

"Wimbi linaonekana. Hili linasikika. Halafu juu ya maji pana mikunjo, mpiga picha anasema mwanga unachezacheza, watu wanatoka na madoadoa usoni. Nataka maji yatulie. Kama kioo."

"Matangi ya juu nitayazima asubuhi, hadi hotuba iishe. Lakini pampu za chini, zinazozungusha maji, zisiguswe. Samaki ni wengi, taa hizi mpya ni za moto, na hewa huingia majini kwa kutikisika. Yakisimama tangu asubuhi, adhuhuri haifiki salama."

"Samaki hawajaniletea malalamiko," alisema Mkurugenzi, na katibu wake akacheka, maana kucheka ni sehemu ya kazi yake.

Jumamosi Mama Wimbi alifanya alivyoahidi, kisha akapangiwa ghorofa ya chini alinde mabomba ya vyoo yasije yakawaaibisha wageni. Saa tatu asubuhi Mkurugenzi alikagua ukumbi, akaona juu ya maji bado pana mkunjo mwembamba, mwembamba kama wa shuka iliyonyooshwa kwa mkono. Haukumpendeza. Aliingia mwenyewe chumba cha pampu, akaishusha swichi kuu, akafunga mlango na kutia ufunguo mfukoni. Ufunguo wa akiba ulikuwa umekusanywa wiki iliyopita kwa sababu za kiusalama. Kengele ya tahadhari nayo ilikuwa imenyamazishwa, kwa kuwa kengele, jamani, hupiga kelele. Kijiko alikuwa hatua tano tu, akikatakata ngisi. Aliona yote. Aliinamisha kichwa akaendelea kukata.

Maji yakatulia kama kioo, sawasawa na amri.

Saa sita na robo Mama Wimbi alipanda juu kwa ngazi ya nyuma kuangalia hali. Ukumbi ulikuwa umejaa suti na manukato. Samaki, karibu wote, walikuwa juu kabisa ya maji, midomo nje, wakipanua na kufumba, wakipanua na kufumba.

"Mnaona, waheshimiwa?" Mkurugenzi alisema kwenye kipaza sauti. "Wamekuja juu kutusalimia!"

Watu wakapiga makofi. Viumbe wanatweta mbele yao, na wao wakapiga makofi.

"Taasisi hii hata samaki wana adabu," alisema mgeni mmoja, na akapata vicheko vyake.

Mama Wimbi hakuwatazama samaki. Aliwatazama wasioweza kupanda juu. Juu ya matumbawe kulikuwa kumetanda ute mweupe, umening'inia kama kamasi ya mtoto mgonjwa. Alipenya kati ya viti hadi mbele.

"Mkurugenzi, ufunguo," alinong'ona.

Mkurugenzi alitabasamu kwa meno yote, kwa ajili ya kamera. "Baadaye, mama."

"Baadaye ipi? Wanakufa."

"Usinitie aibu mbele ya watu."

"Aibu unaishika mfukoni. Nipe ufunguo."

Akamgeuzia mgongo, akaendelea kuwashukuru wadhamini. Mama Wimbi alipanda ngazi ya pembeni na ndoo, akaanza kuchota maji na kuyamwaga kutoka juu, achote, amwage, ili hata pumzi mbili tatu ziingie. Nyuma yake mtu akauliza kwa sauti, "Na huyu anawaogesha?" Ndoo moja kwa lita laki mbili! Alijua anachokifanya ni sawa na kupepea nyumba inayoungua. Akaiweka ndoo chini, akashuka, akachukua mtaimbo.

Mapigo saba. Ukumbini yalisikika yote, na Mkurugenzi akawaeleza wageni kwamba mafundi wanamalizia ukarabati. Pigo la nane likang'oa kitasa. Aliinua swichi kuu, akafungua koki zote mbili kwa mikono miwili kwa mpigo mmoja, na baada ya kitambo wimbi la kwanza likanguruma kama vyoo vyote vya serikali vimevutwa pamoja, likakata shukrani katikati ya jina la mdhamini mkubwa.

Samaki wengi walipona. Matumbawe, theluthi moja yalivuliwa nyama ndani ya siku nne na kubaki chokaa. Siku hizo nne Mama Wimbi alizimaliza palepale, akinyonya ute kwa mpira, akibadilisha maji, akigeuza koki. Siku ya tano ndipo mlinzi alipomsimamisha getini.

Nyumbani barua ilikaa mezani, chini ya mkasi, kwa siku tisa. Mumewe aliisoma mara nyingi kuliko alivyowahi kusoma kitu chochote.

"Sasa, mama watoto. Choo nacho si bomba? Ukisaini nitakushonea aproni yenye marinda."

"Utashona na maandishi mgongoni: Huyu ndiye aliyeua?"

Mumewe akatoa mguu kwenye cherehani. Alikuwa amekusudia mzaha. Mzaha ukamrudia umenuna.

"Mimi nataka urudi kazini tu," akasema baadaye. "Hata kama ni vyooni. Naona unavyoamka saa kumi na moja huna pa kwenda."

"Nikisaini, nimerudi mimi au amerudi mtu mwingine? Na wakishaandika kwamba fundi alisahau, hakuna atakayeuliza swichi ilishushwa na nani. Mwakani wataishusha tena. Kuna mwingine mgeni rasmi, na kuna mwingine mpiga picha."

Hilo ndilo lililokuwa mizanini: jina la fundi upande mmoja, na theluthi mbili za mwamba zilizobaki hai upande wa pili. Kijiko alikuwa amepita dukani kwa fundi cherehani, akijifanya analeta suruali, akasema kwamba tangi la kulia limeanza kumwaga kabla ya wakati wake, mawimbi yanauana, nyuma ya mwamba tope limeanza kutua. Hakuna aliyethubutu kugusa koki.

"Shemeji, mwambie nyuzi zimelala," alisema, akaondoka bila kuacha suruali.

Siku ya kumi na mbili kamati ya nidhamu ilikaa. Watu watano, chupa tano za maji, na Mkurugenzi kama shahidi wa uongozi, kwenye kiti kirefu kuliko vya wanakamati. Kijiko aliitwa kwanza.

"Uliona nani akizima pampu?" mwenyekiti aliuliza.

Kijiko alimtazama Mkurugenzi, kisha dirisha. "Mimi nilikuwa nakata ngisi."

Mama Wimbi hakumchukia. Mtu anayesomesha watoto wanne akilazimishwa kumeza ukweli, dharau haimwendei aliyemeza; inamwendea aliyemshika taya.

Zamu yake ilipofika hakuanza kulia, jambo lililowaharibia ratiba.

"Mlango umevunja, hukuvunja?"

"Nimevunja, mwenyekiti. Na hali ikiwa ileile nitauvunja tena, kwa mapigo machache zaidi, maana sasa naujua."

"Hapa si mahali pa mzaha, mama."

"Sifanyi mzaha. Nauliza tu. Mmeandika kwamba mimi ndiye niliyesahau kuwasha. Kuwasha ni ndani ya chumba, na chumba kilikuwa kimefungwa. Mtu mwenye ufunguo anavunja mlango kwa ajili gani? Na asiye na ufunguo aliingiaje kuzima?"

Mwanakamati mmoja alianza kuandika, akaacha.

"Angesubiri," Mkurugenzi alidakia. "Kwani ningechelewa wapi? Nilikuwa nimalize hotuba, nishuke, nimfungulie mwenyewe."

Hata chupa za maji zilionekana kusikiliza. Mtu mzima, msomi, alikuwa ametoka kuwaambia watu watano kwamba ufunguo ulikuwa naye, na hakujua kwamba amewaambia.

"Ufunguo ulikuwa wapi, Mkurugenzi?" Mama Wimbi aliuliza polepole. "Ili katibu aandike."

Mwenyekiti alikohoa. "Swali hilo haliko kwenye ajenda."

Halikuwa kwenye ajenda! Matumbawe yamekufa kwa kukosa maji yanayotembea, na kamati iliyoitwa kutafuta sababu inaogopa swali la nani aliyeyasimamisha. Walimsogezea fomu ya kukiri na kalamu. Mama Wimbi aliisoma kwa utulivu kama anavyosoma nyuzi. Mbele ya kosa la kwanza aliandika: Kweli. Mbele ya la pili aliandika: Uongo, aulizwe mwenye ufunguo. Akatia saini chini ya hayo, herufi zote, akasimama, akawaaga kwa heshima kuliko walivyostahili.

Mlangoni Kijiko alikuwa anamngoja, macho mekundu.

"Dada, nilikuwa hatua tano tu. Nilimwona."

"Usiniambie mimi, kaka. Mimi najua. Rudi ndani uwaambie wao."

Kijiko alisimama hapo, mkono kwenye kitasa, muda wa wimbi moja kwenda na kurudi. Kisha akarudi ndani. Alichokisema kimeandikwa katika kumbukumbu za kikao, ukurasa wa mwisho, mistari minne, na kesho yake naye alipewa barua getini.

Kamati imeahirisha uamuzi "hadi itakapotangazwa". Mama Wimbi yuko nyumbani. Mwamba unaendelea kufa kutoka nyuma kuja mbele, ili wageni wachelewe kugundua.

Basi ninyi wajumbe wa bodi, mnaopokea taarifa zenye jalada la kung'aa na kuzipitisha kabla chai haijapoa: fungueni ukurasa ule wa mwisho na muusome kwa sauti, aliyeshika ufunguo akiwapo. Futeni barua zote mbili, ya fundi na ya mlishaji, kwa maandishi na kwa mhuri uleule wa pweza. Mrudisheni mwanamke huyo kwenye koki zake wiki hii, wala si baada ya kikao kijacho, kwa maana tumbawe halijui kuahirisha. Andikeni kanuni kwamba hakuna mwenye cheo, awe nani, atakayezima pampu ya viumbe hai bila saini ya fundi wake. Na yule aliyeagiza maji yatulie, mwondoeni kwenye nyumba ya maji. Mkishindwa hata hayo, wekeni majina yenu yote getini, chini ya nembo, ili watoto wanaopanga foleni wajue ni akina nani waliokaa kimya.